Kupima kasi ya mvua ikishuka kwa rada ya setilaiti: mwongozo wa kazi kwa kanda ya kati

Kipima mvua kilichosimikwa uwanjani Hombolo kinajua jambo moja: maji kiasi gani yameingia tangu saa 3 asubuhi ya jana. Hakijui matone yalishuka kwa kasi gani, wala kama hewa ndani ya wingu ilikuwa inapanda au inazama. Ukitaka kuyajua hayo juu ya Dodoma, Manyoni au Mpwapwa, na huna rada yako, iko njia, na data yake ni ya bure. Unahitaji kompyuta ya kawaida, bando la kutosha, na uvumilivu wa kuisafisha namba kabla hujaiamini. Kazi yote iko kwenye kusafisha. Kupakua faili ni asubuhi moja tu.

Rada ipi

Wengi huanza na GPM kwa sababu ndiyo wanayoisikia. Setilaiti hiyo ilirushwa Februari 27, 2014 ikiwa na rada ya masafa mawili, gigahezi 13.6 na 35.5, kumrithi TRMM aliyepima mvua ya tropiki kuanzia 1997 hadi 2015. Ni rada nzuri sana kwa wingi wa mvua, lakini zote mbili hupima nguvu ya mwangwi tu. Hazipimi kasi. CloudSat ya 2006 nayo ilikuwa na masafa ya gigahezi 94 bila Dopla, yaani bila uwezo wa kusoma kasi kutokana na mwangwi. Ukimkuta mtu anadai amesoma kasi ya Dopla kutoka GPM, muulize faili ipi.

Rada ya kwanza ya mawingu yenye Dopla kuwekwa angani ni ile ya EarthCARE, setilaiti ya mashirika ya anga ya Ulaya (ESA) na Japani (JAXA), iliyorushwa Mei 28, 2024. Masafa yake ni gigahezi 94.05, sawa na wimbi la milimita 3.19. Dishi lina kipenyo cha mita 2.5, kimo cha njia yake ni kama kilomita 393, na doa inaloliona chini halifiki kilomita 1. Data hutolewa kila mita 500 za njia na kila mita 100 za kimo, ingawa uwezo halisi wa kutenganisha vitu kwa kimo ni mita 500. Kwa hiyo usijisifu kwa mstari mwembamba wa mita 100 kwenye mchoro. Vipimo vinne au vitano vinavyofuatana vimeona karibu kitu kilekile.

Rada hii inatazama chini wima, haizungushi shingo. Inakata wingu kama kisu kinavyokata mkate: unaona uso wa kipande kimoja, mkate wenyewe huuoni.

Itapita lini juu yako

Hapa ndipo wageni wa data hupoteza siku nzima. EarthCARE huvuka kila mahali karibu saa ileile ya jua: 8 mchana ikishuka kuelekea kusini, na 8 usiku ikipanda kuelekea kaskazini. Hiyo ni saa ya jua ya mahali, si saa ya mkononi. Dodoma iko longitudo 35.75 mashariki, kwa hiyo jua lake liko mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 23, wakati saa zetu ziko mbele kwa saa 3. Ndiyo maana setilaiti hupita Dodoma yapata saa 8:37 mchana kwa saa ya ukutani, ambayo kwa saa ya Greenwich, inayotumika kwenye faili, ni 11:37. Ya usiku ni 23:37 ya Greenwich, na tarehe yake ni ya jana kwa sisi tulio huku. Ukichanganya saa ya Kiswahili, saa ya Afrika Mashariki na ya Greenwich katika jedwali moja, utalinganisha mvua ya Jumanne na wingu la Jumatano. Weka safu moja tu ya muda, ya Greenwich, na ya pili ya kusomea binadamu.

Njia yake hurudia baada ya siku 25 na mizunguko 389. Gawa mzingo wa ikweta, kilomita 40,075, kwa 389: mistari ya mchana iko mbali kwa kilomita 103 hivi, na ya usiku vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kipima mvua chako kinaweza kuwa kilomita 50 kutoka mstari wa karibu, na hakitakaribiwa zaidi ya hapo hata msimu uishe. Ukichora kisanduku cha digrii moja kuzunguka mji wa Dodoma, utapata kama pito moja la mchana na moja la usiku kila siku 25. Katika mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, hayo ni mapito 14 au 15, na mengi yatakuta anga kavu. Panua kisanduku: longitudo 33.5 hadi 37 mashariki, latitudo 4.5 hadi 7.5 kusini. Hapo umeshika Singida, Manyoni, Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, na mapito yanafika kama 50 kwa msimu. Hiyo ni sampuli unayoweza kufanyia kazi.

Tukiwa kwenye saa: mvua nyingi ya radi ya kwetu hukomaa alasiri kuelekea jioni. Saa 8:37 mchana utayakuta mawingu mengi yakiwa bado yanakua. Usichukue mapito ya mchana ukayaita picha ya mvua ya Dodoma. Ni picha ya ujana wake.

Kupata faili

Fungua akaunti ya bure kwenye mfumo wa data wa ESA au kwenye G-Portal ya JAXA. Kila mzunguko umekatwa vipande vinane, A hadi H. Kwa latitudo zetu unahitaji viwili tu: E kwa mchana na A kwa usiku. Herufi hiyo iko mwishoni mwa namba ya mzunguko kwenye jina la faili. Ichuje kabla ya kupakua, maana bando halirudi.

Chukua bidhaa tatu kwa kila pito. C-FMR ina nguvu ya mwangwi iliyosafishwa. C-CD ina kasi ya Dopla iliyokwisha kusahihishwa kwa hatua kadhaa. C-TC inakuambia kila kiboksi (kipimo kimoja cha njia na kimo) kina nini: barafu, theluji inayoyeyuka, manyunyu au mvua. Ukitaka kujifunza kweli ongeza C-NOM, data ghafi ya hatua ya kwanza kutoka JAXA, ufanye masahihisho kwa mkono wako mara moja. Baada ya hapo tumia C-CD kwa amani, kwa kuwa utajua kila safu imetoka wapi.

Faili zote husomeka kwa lugha ya programu ya Python, kwa maktaba zake za xarray au h5py. Jambo la kwanza baada ya kufungua ni kuorodhesha vigezo vyote na kusoma maelezo yaliyoambatanishwa: kipimo kinachotumika, namba inayoashiria data iliyokosekana, na bendera za ubora. Namba ya kukosekana isipoondolewa, wastani wako utakuja na kasi ambayo hata risasi haina.

Kasi unayoisoma imebeba nini ndani yake

Dopla inapima kitu kimoja: mwendo wa kukaribia au kuondoka kwenye dishi. Ndani ya namba hiyo moja kuna tone linaloshuka ndani ya hewa, hewa yenyewe inayopanda au kuzama, kosa la dishi kutotazama wima barabara, na mchezo wa hesabu unaoitwa kukunjika. Tone na hewa ndivyo unavyovitafuta. Vilivyobaki viondoe, na viondoe kwa mpangilio huu tunaoufuata, kwa sababu kila hatua inategemea iliyotangulia.

*Kwanza dishi.* Setilaiti inakwenda kama kilomita 7.6 kwa sekunde. Dishi likiinama mbele kwa digrii 0.01 tu, sehemu ndogo ya mwendo huo inaingia kwenye kipimo: 7,600 mara 0.000175, sawa na mita 1.3 kwa sekunde. Theluji nyepesi hushuka kwa mita 1 kwa sekunde. Kwa hiyo kosa dogo hivyo linaweza kuifanya theluji ionekane inapanda mbinguni.

Dawa yake ni ardhi. Ardhi haishuki. Chukua mwangwi wa uso wa dunia kwenye sehemu ya njia isiyo na mvua, soma kasi yake, na chochote kisicho sifuri ndicho kosa la dishi. Usichukue kiboksi kimoja, chukua mamia. Tambarare ya Bahi inafaa kuliko milima ya Mpwapwa au ukingo wa Bonde la Ufa pale Kilimatinde, maana kwenye mteremko sehemu moja ya doa iko juu na nyingine chini, na mwangwi wa uso unavurugika. C-CD imeshafanya sahihisho hili, lakini rudia ukaguzi: ardhi ikionyesha mita 0.5 kwa sekunde baada ya sahihisho, pito hilo liweke pembeni.

*Pili, kukunjika.* Rada hutuma kati ya mapigo 6,100 na 7,500 kwa sekunde, kutegemea mahali ilipo na mpangilio wa kazi. Kasi ya juu kabisa inayoweza kusomeka bila utata, yaani kasi ya ukomo, ni

urefu wa wimbi × mapigo kwa sekunde ÷ 4

Kwa mapigo 6,300: 0.00319 × 6,300 ÷ 4 = mita 5.0 kwa sekunde. Soma idadi ya mapigo ya pito lako kwenye faili, usiitumie hii kwa mazoea. Tone linaloshuka kwa mita 6 halionekani kama 6. Linazunguka upande wa pili na kusomeka kama linapanda kwa mita 4. Yaani 6 toa 10.

Kukunjua ni kazi ya kutoka juu kuja chini. Anza kwenye barafu, kilomita 7 au 8 juu ya usawa wa bahari, ambako kasi ni kama mita 1 na haina utata. Teremka kiboksi kwa kiboksi. Kasi ikiruka ghafla kwa zaidi ya ile kasi ya ukomo, ongeza au toa mara mbili yake. Katika mvua tulivu iliyotandaa kazi hii huenda bila shida: kasi inabaki 1 hadi tabaka la myeyuko, pale theluji inapogeuka mvua, kisha inaongezeka haraka. Katika wingu la radi lenye hewa inayopanda kwa nguvu, kukunjua kunakuwa kubahatisha. Ukiona unabahatisha, acha. Andika "haijulikani" na uende pito lingine.

Kosa linalouma zaidi hapa ni la wastani. Watu huchukua vipimo vya jirani, +4.8 na −4.8, wanavijumlisha wanapata sifuri, wanasema hewa imetulia. Vipimo hivyo viwili ni karibu kasi ileile, kimoja kimekunjika. Kunjua kwanza, au fanya wastani kwenye pembe ya awamu yenyewe (namba ghafi ya mwangwi ambayo kasi hukokotolewa kutoka kwake), kisha ndipo ugeuze kuwa kasi.

*Tatu, kelele.* Kipimo kimoja cha mita 500 kina kelele nyingi. Lengo la wabunifu lilikuwa kosa la mita 1.3 kwa sekunde kwa mwangwi wa desibeli −19 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mwangwi), na hapo ni baada ya wastani wa kilomita 10. Kwa mvua tulivu fanya wastani wa vipimo 10 hadi 20. Kwa wingu la radi lenye upana wa kilomita 5 wastani huo unaliua wingu lenyewe. Chukua vipimo 4, na ukubali kosa kubwa zaidi.

Hewa inayopanda ambayo haipo

Mtego huu umepotosha michoro mingi mizuri, kwa hiyo tukae nao kidogo. Doa la rada lina upana. Nusu yake ya mbele inaona kila kitu kikikaribia, nusu ya nyuma inaona kikiondoka, kwa sababu ya ule mwendo wa kilomita 7.6. Pembezoni mwa doa mwendo huo wa bandia unafika mita 6 kwa sekunde kila upande. Mvua ikiwa sawa kote, pande mbili zinafutana. Ikiwa nzito mbele kuliko nyuma, hazifutani.

Sasa fikiria setilaiti ikiingia kwenye wingu la mvua kubwa. Mvua nzito iko mbele: kipimo kinaelemea kukaribia, na kukaribia setilaiti ni kupanda. Ikitoka, mvua nzito iko nyuma: kipimo kinaelemea kushuka. Mchoro unakuja na hewa inayopanda upande mmoja na kuzama upande mwingine, kama vile vitabu vinavyochora dhoruba. Ni sura ya setilaiti. Nguvu ya mwangwi ikibadilika kwa desibeli 10 kwa kilomita moja, kosa hili huvuka mita 1 kwa sekunde.

Kulitambua ni rahisi. Mchana EarthCARE inakwenda kusini, kwa hiyo "kupanda" kwa bandia kutakuwa upande wa kaskazini wa wingu. Usiku inakwenda kaskazini, na kupanda kutahamia kusini. Kusanya mapito ya msimu mzima, yagawe ya mchana na ya usiku. Hewa inayopanda ikihama upande kila jua linapozama, hiyo si tabia ya mvua ya Dodoma. C-CD ina sahihisho kwa kutumia mteremko wa nguvu ya mwangwi kati ya vipimo jirani, lakini kwenye ukingo mkali halitoshi. Tupa vipimo viwili vya kila ukingo.

Pale rada inapopofuka

Wimbi la milimita 3 linamezwa na maji. Kwenye mvua ya milimita 10 kwa saa, ambayo kwetu ni ya kawaida tu, linapoteza kama desibeli 6.5 kwa kila kilomita likienda, na nyingine 6.5 likirudi. Tabaka la myeyuko juu ya tropiki liko yapata kilomita 4.8 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Dodoma uko mita 1,100 na ushei. Zimebaki kilomita 3.7 za mvua, nazo zinameza desibeli 48. Ndiyo maana mvua kubwa ya Januari huonekana kama pazia: juu mwangwi mkali, chini hakuna kitu.

Kanuni ya mkato: tafuta mwangwi wa ardhi chini ya mvua. Ukiwepo, hata dhaifu, safu nzima inasomeka. Ukitoweka, usiamini kasi ya kilomita za chini. Na ukiona mwangwi unaendelea *chini ya ardhi*, usishangae wala usiripoti mgodi. Wimbi limedunda mara nyingi kati ya matone na mawe ya barafu likachelewa kurudi, na rada ikadhani limetoka mbali. Kasi ya safu kama hiyo haina maana hata juu, kuanzia pale mdundo ulipoanzia.

Tupa pia kilomita ya mwisho juu ya ardhi, kwa sababu mwangwi wa uso unamwagika humo. Na kumbuka kimo kwenye faili huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Mara kwa mara mtu anaripoti mvua "kwenye kimo cha mita 900" juu ya Dodoma. Hapo yuko ndani ya mwamba.

Kutoka kasi hadi tone

Kwenye usawa wa bahari na hewa tulivu matone hushuka hivi:

Milimita 0.5: mita 2.0 kwa sekunde
Milimita 1: mita 4.0
Milimita 2: mita 6.5
Milimita 3: mita 8.1
Milimita 5: mita 9.1

Juu zaidi hewa ni nyepesi na matone yanakimbia zaidi. Gawa msongamano wa hewa wa usawa wa bahari kwa ule wa kimo chako, kisha upe kipeo cha 0.4. Kwenye ardhi ya Dodoma unapata 1.04. Kwenye kilomita 3 ni 1.13. Ni sahihisho dogo, lakini ukilisahau hiyo asilimia 13 itageuka kuwa "hewa inayozama".

Jihadhari na jambo moja: kwa wimbi hili matone makubwa hayang'ari zaidi. Tone la milimita 1.7 hivi karibu halirudishi kitu kabisa, kwa sababu mwangwi wake unajifuta wenyewe. Hivyo kasi inayosomwa kwenye mvua huelemea matone madogo na hukwama karibu na mita 4 hadi 5 (za usawa wa bahari), hata mvua ikiwa na matone ya milimita 4. Mtu anayesubiri kuona mita 8 kwenye EarthCARE atasubiri sana.

Mfano wa hesabu, wa kufundishia tu. Mvua tulivu, kilomita 3 juu ya bahari, kasi ya ukomo 5.0, kushuka kumeandikwa kwa alama ya kutoa. Kipimo kinasoma +4.6. Ardhi ya karibu inasoma −0.3, kwa hiyo toa −0.3: unapata +4.9. Juu yake, kwenye myeyuko, kasi ilikuwa −3 na inaongezeka kuelekea −5, kwa hiyo +4.9 imekunjika: toa 10, unapata −5.1. Tone la wastani unalolitarajia linashuka kwa 4.4 kwenye usawa wa bahari. Zidisha kwa 1.13, unapata karibu 5.0. Hewa imebaki na −0.1, yaani hakuna mwendo unaoweza kuuthibitisha. Jibu hilo ndilo sahihi kwa mvua tulivu.

Alama ya kupanda na kushuka isome kwenye maelezo ya faili, kisha ithibitishe: tafuta theluji tulivu juu ya tabaka la myeyuko. Hiyo lazima inashuka. Alama yake ndiyo alama ya kushuka.

Unga uwanjani

Hilo "tone la wastani unalolitarajia" litoke wapi? Kifaa cha leza cha kupima matone ni ghali. Mwaka 1904 Mmarekani Wilson Bentley alichapisha njia ya unga, na bado inafanya kazi Chamwino kama ilivyofanya kwake.

Chekecha unga wa ngano kwenye trei hadi kina cha sentimita 2.5. Usiushindilie. Funika, toka nje mvua ikinyesha, funua kwa sekunde 4 (mvua kubwa sekunde 1 au 2), funika tena. Matone yanageuka vidonge. Acha trei hadi vidonge vikauke, umalizie kwa moto mdogo kwenye oveni, kisha chekecha kwa chujio za matundu tofauti na uhesabu vidonge vya kila saizi. Trei ikiachwa wazi muda mrefu vidonge vinagandana, na utahesabu tone moja la milimita 6 ambalo ni matatu.

Kidonge si lazima kiwe na kipenyo sawa na tone, kwa hiyo pima unga wako. Mrija wa dripu ya kawaida wa matone 20 kwa mililita hutoa tone la milimita 4.6. Ule wa watoto, matone 60 kwa mililita, hutoa milimita 3.2. Kwa madogo tumia sindano ya insulini: hesabu matone yanayomaliza mililita moja. Yakiwa 100, kila moja lina milimita 2.7. Dondosha juu ya unga uleule kutoka mita 2 au zaidi, kausha, pima. Ukibadilisha mfuko wa unga, rudia.

Orodha ya saizi igeuzwe kasi kwa jedwali la hapo juu, ukipa matone uzito wa jinsi rada inavyoyaona, usichukue wastani wa kawaida. Huwezi kulinganisha trei moja na pito moja, maana setilaiti inapita kilomita 80 kwa sekunde kama 11, tena pengine kilomita 40 kutoka ulipo. Linganisha trei za mvua tulivu za msimu na mapito ya mvua tulivu ya msimu. Mvua ya radi iwe na kapu lake.

GPM inarudi kuwa na manufaa hapa. Rada yake ya masafa mawili hukadiria kipenyo cha wastani cha matone kwenye njia yenye upana wa kilomita 245 na zaidi, kwa saa tofauti za siku. Ukipata siku ambayo GPM na EarthCARE zote zimepita kanda ya kati ndani ya saa moja, ihifadhi kama dhahabu.

Mwendo wa kwenda pembeni

Ukitaka kujua mvua inahama kutoka Kongwa kwenda Dodoma kwa kasi gani, EarthCARE haikusaidii. Tumia picha za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, za kila dakika 15: fuata ukingo wa wingu lililo baridi zaidi kwa picha nne au zaidi, gawa umbali kwa muda. Kilomita 80 kwa saa 2 ni kilomita 40 kwa saa. Unachofuata ni kilele cha wingu, na kilele kinaweza kupeperushwa na upepo wa juu huku mvua imebaki nyuma.

Wapo wanaotumia IMERG, ramani ya mvua inayounganisha setilaiti nyingi, ya kila nusu saa. Kiboksi chake ni digrii 0.1, yaani kilomita 11, kwa hiyo kuhama kiboksi kimoja kwa nusu saa ni kilomita 22 kwa saa. Mvua inayokwenda polepole kuliko hapo itaonekana imesimama, halafu imeruka. Na kuna ubaya zaidi: pale ambapo hakuna setilaiti iliyopita, IMERG huisogeza mvua kwa mishale ya mwendo iliyotoka kwenye modeli ya hali ya hewa. Ukipima mwendo humo, sehemu ya jibu ni modeli ikijisoma kwenye kioo. Angalia safu inayoonyesha chanzo cha kila nusu saa, na tumia zile zilizopimwa kweli.